Zamu ya Nyonga

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, wanawake kumi na tisa wa chumba cha pasi walipanga foleni mbele ya rafu ya kuchajia, na kila mmoja akachukua kupe yake. Kupe ni jina walilolitoa wao. Fundi aliyekuja kufunga mitambo alisema ni vihisi mwendo vya kuvaliwa, visivyotumia waya, vya kulinda afya ya mgongo. Kila seti ilikuwa na vidude vitano vyeusi, ukubwa wa kifungo cha koti, vilivyoshonewa kwenye mikanda ya kitambaa: miwili ya mikononi, mmoja wa kiunoni, miwili ya miguuni. Bi Kola alivitazama vyake, akasema kitu kinachokuganda mwilini mchana kutwa bila kukuuliza kina jina tayari, hakuna haja ya kukibatiza upya.

Yeye mwenyewe aliitwa Bi Kola kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine katika kiwanda kile cha kufulia aliyepiga pasi kola ya shati ikasimama wima mpaka jioni. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili mbele ya meza ileile. Mikono yake ilikuwa bado myepesi. Tatizo lilikuwa chini ya kiuno: nyonga ya kushoto ilikuwa imekwisha, na kila hatua aliilipia. Alikuwa amebakiza miezi saba kustaafu.

Ukutani kulikuwa na skrini kubwa, na ndani yake vijitu kumi na tisa vilivyochorwa kwa vijiti, kila kimoja na namba yake, vikiinama na kunyooka pamoja na wenye miili. Kijitu namba saba, cha Bi Kola, kilichechemea. Aliyekwenda kasi alikuwa kijani, aliyelegea alikuwa njano, aliyezidi kulegea alikuwa mwekundu. Mtu akipata wiki tatu nyekundu aliondolewa kazini, hata kama amebakiza siku moja. Bi Kola alikuwa na wiki mbili na barua zake mbili za onyo, akizitunza kwenye mkoba pamoja na kitana.

Viti vilikuwepo zamani. Miaka minne nyuma vilitolewa ili sakafu ipakwe rangi ya kijivu, na msimamizi akasema ni kwa siku mbili tu. Tangu hapo, kila alipoulizwa, alijibu kwamba sakafu inakauka. Alitoa jibu hilo kwa upole, bila kupepesa, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Mahali pekee pa kukaa palikuwa chooni, na huko nako kupe ilifika. Kijitu kikikaa zaidi ya dakika nne kiligeuka njano mbele ya macho ya watu wote, na mwenyewe alipotoka alikuta wenzake wanamwangalia kwa huruma.

Mtu ambaye hakuwahi kumwonea Bi Kola huruma alikuwa wifi yake. Huyu alikuwa mdogo wa mume wake, mkunja mashuka wa meza ya pili, namba kumi na mbili. Walikuwa wamefanya kazi chumba kimoja kwa miaka tisa, na kwa miaka yote tisa wifi aliamini kwamba kule kuchechemea ni maringo.

"Nyonga ya wifi yangu ina kalenda," alipenda kusema, kwa sauti ya kusikika. "Inauma siku ya mashuka ya hospitali tu. Siku ya vitambaa vya meza ni nzima kabisa."

Watu walicheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wifi alikuwa hajawahi hata kuunyanyua ule wa Bi Kola.

Kosa lenyewe lilifanyika Jumamosi moja, baada ya kazi. Mikanda ya kupe ilikuwa imeanza kunuka jasho. Maelekezo ya fundi yalisema ifutwe kwa kitambaa kikavu. Sasa mwambie mtu aliyefua maisha yake yote afute mkanda unaonuka kwa kitambaa kikavu! Waliikusanya yote, vidude vikiwa ndani, wakaitia maji ya vuguvugu na sabuni. Vidude havikudhurika, vilitengenezwa kuvumilia maji. Lakini mikanda ilipokauka ilikuwa imekunjamana, na hakuna mpiga pasi duniani anayeweza kutundika kitu kilichokunjamana halafu akaenda nyumbani kwa amani. Bi Kola akafungulia mvuke, akainyoosha mmoja baada ya mwingine, seti zote kumi na tisa, na vidude vyake.

Hapo ndipo miendo ya wenye kupe iliposhika kwenye mikanda. Rangi nayo hushika hivyohivyo kwenye kitambaa ikipata moto wa kutosha. Na namba zilizoandikwa kwa wino kwenye mikanda zilikuwa zimetoka zote na maji.

Jumatatu asubuhi kila mtu alivaa kupe iliyokuwa karibu na mkono wake. Mwanamke mnene wa mashine ya foronya alianza kutembea kwa vihatua vifupi vya kurukaruka, kama anavuka madimbwi. Binti mwembamba aliyezoea kurukaruka alikwenda pole na kwa uzito, mikono ikiwa mbali na mwili. Mwingine alijikuta anaburuta kisigino cha kulia, na alijua ni kisigino cha nani.

"Huo mwendo ni wangu, naomba," alisema mwenye kisigino.

"Chukua, mama. Na kiatu ubadilishe, unaumia bure."

Walitambuana kwa miendo, wakavuana na kuvalishana, wakaandika namba upya. Msimamizi alitazama saa yake na kuandika katika ripoti: ucheleweshaji, dakika thelathini na mbili, sababu, miendo kuchanganyika. Walipomaliza, walibaki wawili tu ambao hawajabadilishana, Bi Kola na wifi yake.

Bi Kola alikuwa amesimama katikati ya chumba na miguu miwili. Huo ndio ukweli, ingawa kila mtu husimama na miguu miwili. Yeye kwa miaka mingi alisimama na mmoja na nusu. Alipiga hatua kwenda mbele, akarudi, akapiga nyingine. Wifi alikuwa ameshika ukingo wa meza ya mashuka kwa mikono yote miwili, na midomo yake ilikuwa myeupe.

"Wifi," alisema, "hiki kitu unakaa nacho?"

"Ndicho kinachokaa na mimi."

"Na usiku?"

"Usiku kinalala upande wa kushoto, mimi nalala wa kulia. Haya, lete kupe yangu, watu wanangoja mashuka."

Wifi hakuitoa. Aliangalia sakafu, akaangalia skrini, kisha akaangalia mahali popote isipokuwa usoni pa Bi Kola. Alikuwa na aibu, na hakuwa na mazoea nayo.

"Iache kwanza leo," alisema. "Niijue vizuri."

Aliijua vizuri. Ilimngoja kwenye kila shuka alilovuta, ilimchoma kila alipogeuka, na ilipofika saa nane alikwenda chooni akalia kwa dakika tatu na sekunde hamsini, maana hata kulia kulikuwa na kipimo. Alirudi na macho mekundu, akakunja mashuka mia mbili yaliyobaki. Siku hiyo namba saba ilikuwa kijani kwa mara ya kwanza katika miezi mitano, kwa sababu nyonga ilikuwa mbovu lakini mapafu na mabega yalikuwa ya mtu wa miaka thelathini na minane. Namba kumi na mbili ilikuwa kijani pia. Bi Kola alipiga pasi kola mia tatu na kumi na saba akiimba.

Utaratibu wa jambo lenyewe ulieleweka upesi. Ukivaa kupe ya mwenzio unatembea kama yeye, na maumivu yake yamo. Ukiivua, mwendo huo unabaki nawe mpaka mtu mwingine aivae. Kwa hiyo jioni ile Bi Kola alikwenda nyumbani kwa miguu ya wifi yake. Mumewe, dereva mstaafu wa malori, alikuwa uani anamenya viazi. Alisikia hatua getini, akasema bila kugeuka:

"Karibu, dada."

"Dada yako yuko kwake. Ni mimi."

Mzee alizisikiliza zile hatua mpaka jikoni na kurudi.

"Hata nikifumba macho huo ni mwendo wa dada yangu," alisema. "Anatembea kama anamdai mtu. Yeye amebaki na nini?"

"Na nyonga yangu."

Mzee aliacha kumenya. Alikuwa amemkanda mkewe nyonga hiyo kwa mafuta kila siku kwa miaka sita, na kwa miaka hiyohiyo alikuwa amemsikia dada yake anaifanyia mzaha sebuleni kwake.

"Basi atakoma," alisema. Halafu, kwa kuwa ni dada yake, akaongeza, "Mpelekee mafuta."

Jumanne wifi alivaa namba saba tena. Jumatano pia. Alhamisi mwenye kisigino alimkuta asubuhi anapanda ngazi mbili za mlango kwa kushika ukuta, akamwambia wapange zamu, mzigo hauwezi kuwa wa mtu mmoja wakati watu wako kumi na tisa. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema, na kupe ni mkubwa kuliko chawa. Wifi alipasua upande wa katoni ya sabuni, akapiga mistari, akaandika majina yote isipokuwa moja. Juu aliandika NYONGA. Katoni ikatundikwa nyuma ya mlango wa stoo.

Bi Kola alikataa kwa siku nzima. Alisema hajawahi kumpa mtu hata sahani yake amwoshee. Walimsikiliza kwa adabu, kisha aliyekuwa na zamu ya Ijumaa akavaa namba saba na kuanza kazi, na mjadala ukaishia hapo. Bi Kola aligeukia meza yake akapiga pasi haraka sana, na mvuke ulikuwa mwingi, hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika uso wake umelowa nini.

Zamu ilikwenda vizuri kuliko zamu nyingi. Mmoja aliomba asipewe nyonga Jumamosi kwa kuwa mtoto wa shangazi yake anaolewa na angependa kucheza, wakambadilishia. Mwingine aliichukua siku mbili mfululizo ili mama mkwe wake, aliyekuja kumtembelea, amwone anavyoteseka. Ile ya mnene wa foronya iliangukia Jumanne siku zote, na alisema nyonga ya Bi Kola ni afadhali kuliko mume wake, maana inaondoka Jumatano.

Na Bi Kola, aliyevaa kupe ya yeyote aliyembebea, alikwenda nyumbani kila siku na mwendo mpya. Mzee alikaa uani anangoja.

"Leo umekuja na nani?"

"Kisia."

"Yule wa madimbwi."

"Ndiye."

"Huyu namsifu. Lakini zulia litaisha."

Wiki kumi zilipita bila nyekundu. Barua mbili zilibaki mbili. Kwenye skrini kijitu namba saba kiliendelea kuchechemea siku hadi siku, siku moja kinene, siku nyingine chembamba, na msimamizi hakuona ajabu yoyote kwa kuwa kilikuwa kijani.

Ijumaa moja walikuja wageni. Walikuwa watu watano wa kampuni nyingine ya kufulia, waliosikia habari za ule mfumo na kutaka kuununua. Meneja aliwapokea mwenyewe. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye viatu vizuri, na aliamini kwamba jambo likielezwa kwa tabasamu limekwisha kufanyika. Mwenye zamu ya siku hiyo alikuwa amechelewa, kwa hiyo namba saba ilikuwa bado kwenye rafu, na nyonga ilikuwa bado kwa wifi, aliyeibeba Alhamisi.

"Nitawaonyesha mimi mwenyewe," alisema meneja. Akaichukua namba saba, akajifunga mikanda yote mitano juu ya suti.

Kwenye meza ya pili, wifi alinyooka katikati ya shuka. Wanawake wote walimwona akinyooka, kisha wote, pole pole, wakageuza vichwa kumtazama meneja.

Meneja alipiga hatua moja na kusimama. Tabasamu lilibaki mahali pake, kwa sababu lilikuwa na mazoezi. Alitafuta kwa macho kitu cha kukalia. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akamwangalia msimamizi.

"Kiti," alisema kwa sauti ndogo.

"Sakafu inakauka, bosi," alijibu msimamizi.

Ikabidi aendelee. Maelezo yalichukua dakika arobaini. Aliwatembeza wageni toka meza ya kwanza hadi ya kumi na tisa huku anachechemea, jasho likimtiririka masikioni, na kila alipogeuka alitoa sauti ambayo wageni walidhani ni ya kusisitiza. Kijitu namba saba kilimwiga ukutani bila kukosea. Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye daftari, alikitazama kwa muda mrefu.

"Mfumo wenu ni makini sana," alisema. "Huyu anaonekana kabisa kwamba anaumia upande wa kushoto."

"Unaona kila kitu," alisema meneja, akiegemea ukuta.

"Na ukiona hivyo, mnafanya nini?"

"Tunarekodi."

Mama yule aliandika.

Mwenye zamu alipofika saa tatu, wenzake walimkonyeza asiiguse namba saba, na siku hiyo akavaa ya kwake. Bi Kola alivaa kupe ya akiba isiyo na mwendo wa mtu, akashinda anateleza huku na huku kama mtu aliyevaa soksi juu ya vigae. Hakuna aliyemfuata meneja kumweleza. Alikwenda nyumbani na nyonga, akapanda nayo ngazi za nyumba yake ya ghorofa, akalala nayo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Chumba cha pasi hakijawahi kuwa na wikiendi ya furaha kama ile.

"Aonje," alisema wifi. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa amekilalia siku tatu."

"Viti vitakuja," alisema mwenye kisigino.

Hata Bi Kola, ambaye hakuwa mtu wa kutazamia makuu, alijikuta anapima kwa macho nafasi iliyopo nyuma ya meza yake. Kiti kingetosha. Si lazima kiwe na mgongo.

Jumatatu meneja alikuwa wa kwanza kufika. Walimkuta mbele ya rafu, hajanyoa ndevu, ameshika namba saba kwa vidole viwili.

"Hii ni ya nani?" aliuliza.

"Yangu," alisema Bi Kola.

Meneja alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akarudi kwenye nyonga.

"Tangu lini?"

"Maumivu haya makali, miaka sita. Yaliyotangulia yalikuwa ya kawaida."

"Pole," alisema meneja. Aliisema kwa dhati, na kila mtu aliyekuwepo alikubali baadaye kwamba ilikuwa ya dhati. Mwenye zamu ya Jumatatu akaivaa namba saba, na meneja akaondoka kwa miguu miwili, karibu akikimbia.

Jumatano gari lilileta kiti. Wanawake walilisikia linarudi nyuma hadi mlango wa kupakulia, wakaacha pasi. Kilikuwa kiti kizuri, cha ngozi nyeusi, chenye magurudumu na kitufe cha kupasha joto sehemu ya kiuno. Kilipitishwa katikati ya chumba cha pasi, juu ya sakafu, hakikuacha hata alama, kikapandishwa ofisini kwa meneja.

Alhamisi ilikuja karatasi. Ilikuwa imechapwa kwa herufi nzuri na kufunikwa plastiki, na ilitundikwa mahali pa ile katoni ya sabuni. Uongozi ulisema umetambua kwa furaha moyo wa ushirikiano ulioonyeshwa na wafanyakazi. Uongozi ulikuwa umepiga hesabu, na nyonga moja ikigawanywa kwa watu kumi na tisa inabaki ndani ya kiwango kinachokubalika kiafya, hivyo hakuna haja ya kubadili samani. Zamu itakuwa rasmi kuanzia wiki ijayo. Kubadilishana zamu ni kwa kibali cha msimamizi.

"Kumi na tisa?" alisema wifi. "Sisi ni kumi na nane, ukimtoa mwenyewe."

Waliitazama karatasi. Jina la Bi Kola lilikuwepo, siku ya Jumapili, kiwanda kikiwa kimefungwa.

"Kumbe wamenifikiria," alisema Bi Kola, akacheka mpaka akashika meza. Wengine wakacheka pia, kwa sababu pasi zilikuwa zimeshapata moto na mashuka yalikuwa yanangoja.

Miezi iliyobaki ilikwenda kama miezi inavyokwenda. Nyonga ilizunguka kwa utaratibu, na saini zikawekwa. Wifi alichukua siku nyingi kuliko karatasi ilivyompangia, akisingizia kwamba anajifunza subira. Jumapili alizobaki na nyonga alikuja kwa kaka yake na chupa ya mafuta, akakaa chini mbele ya Bi Kola akandwe.

"Miaka tisa nimekusema," alisema siku moja, akiwa ameinamia ile chupa. "Mbele za watu. Na ilikuwa inauma hivi."

"Ilikuwa inauma hivyo."

"Kwa nini hukunitukana?"

"Nilikutukana sana, wifi. Moyoni. Ungesikia, usingerudi hapa."

Walicheka, wakapendana, na mzee akaingia kuuliza kama kuna mtu anakunywa chai.

Siku ya mwisho ya Bi Kola ilikuwa Ijumaa. Kwenye karatasi zamu ilikuwa ya wifi. Saa moja kasoro dakika kumi Bi Kola alisimama wa kwanza kwenye foleni, akachukua namba saba, akaanza kujifunga mikanda.

"Hiyo ni yangu leo," alisema wifi.

"Ni yangu siku zote."

"Nenda nyumbani mzima, wifi. Iache hapa. Tumeizoea."

"Ndiyo maana siiachi." Bi Kola alikaza mkanda wa kiuno. "Nikiondoka bila nyonga hii, mtaendelea kuibeba mpaka mstaafu nayo, na atakayekuja baada yenu ataambiwa ni sehemu ya kazi. Nimeitafuta mwenyewe kwa miaka ishirini na miwili. Naondoka nayo."

Maumivu yalirudi mahali pake bila kupotea njia. Bi Kola alifumba macho, akayafumbua, akaenda kwenye meza yake kwa mguu mmoja na nusu. Alipiga pasi taratibu siku nzima. Kijitu namba saba kiligeuka njano kabla ya saa sita na chekundu baada ya chakula, lakini siku moja si wiki, na msimamizi, ambaye naye ana mama yake, aliangalia dirishani.

Saa kumi uongozi wote ulishuka. Meneja alitoa hotuba fupi yenye joto, akataja uaminifu, akataja kola. Kisha wakaingiza zawadi. Ilikuwa kiti. Kiti cha mbao ngumu, chenye mikono, mgongo wa kunyooka na mto mwekundu, kimefungwa utepe. Kiliwekwa katikati ya chumba cha pasi, kiti cha kwanza kusimama pale kwa zaidi ya miaka minne, na watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Bi Kola alikiangalia. Machozi yalimtoka, na alikuwa na hasira, na alikuwa na furaha, vyote kwa pamoja. Aliushika mkono wa kiti, akageuka ili akae.

"Samahani, mama," alisema msimamizi kwa upole. "Ukifika nje ya geti. Sakafu inakauka."

Wifi na mwenye kisigino walikibeba hadi nje. Bi Kola aliwafuata, akichechemea, akakaa juu ya mto mwekundu kando ya geti. Mzee alikuja kumchukua na mkokoteni wa jirani, akasikia hatua za mkewe alipoinuka kumlaki.

"Leo umekuja na nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Na mimi."

Jumatatu karatasi mpya ilitundikwa nyuma ya mlango wa stoo. Neno Nyonga lilikuwa limeondolewa na mahali pake pameandikwa Goti. Lilikuwa goti la kulia la wifi, ambalo lilianza kuvimba wiki ileile, na mfumo ulikuwa umeliona kabla yake. Jumamosi wanawake walikuwa wamefua mikanda na kuinyoosha kwa mvuke, kwa hiyo kila kitu kilikuwa tayari. Zamu ya kwanza ilikuwa ya mnene wa foronya.

Bi Kola alipata habari hizo Jumapili iliyofuata, alipomwona wifi, aliyerudishiwa goti lake Jumamosi, anajishusha kwenye kiti cha sebuleni kwa kushika ukuta. Jumatatu saa sita kasoro robo alimfanya mzee apakie kile kiti kwenye mkokoteni, wakakileta mpaka getini, wakakiweka hatua moja nje ya kiwanda. Kengele ya mapumziko ilipolia, wanawake walitoka wakapanga foleni. Mapumziko ni dakika kumi na tano. Kila mmoja alikaa juu ya mto mwekundu kwa sekunde arobaini na tano, Bi Kola akihesabu kwa sauti, na aliyekuwa na goti alipewa dakika nzima. Mawimbi ya kupe yalifika mpaka pale. Ndani, ukutani, vijitu vilionekana vikikaa kimoja kimoja, vikiinuka, vikirudi, na chumba kilikuwa kitupu.

Walifanya hivyo Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumatatu ya pili Bi Kola alikuta mafundi wawili wanapaka njia ya getini, ndani na nje, mpaka ukingo wa barabara. Rangi ilikuwa nzuri, ya kijivu. Msimamizi alisimama kando, akamwamkia kwa heshima zote, akamwambia asubiri kidogo na kiti chake. Ni kwa siku mbili tu.

Bi Kola alimshukuru. Alimwonyesha mzee upande wa pili wa barabara, wakavusha kiti, akakiweka mahali rangi isipofika, akakaa. Saa sita kengele ililia, na akamwona wifi yake anatoka wa kwanza, amebeba goti lake mwenyewe siku hiyo, anatazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka.